Jogoo Niliyempeleka Mapema

Ninyi mliomaliza chuo juzi mkakaa na simu mkononi mkisubiri kuitwa kazini, na ninyi mlioajiriwa ambao kila asubuhi mnaota kuacha, sogeeni hapa kidogo. Mimi ni fundi bomba mstaafu wa Suji, huku milimani Upare. Watu wananiita Mama Bomba, na hata mchungaji alipokuja kunitazama nilipougua mgongo aliuliza njiani kwa Mama Bomba ni wapi, maana jina langu la ubatizo hakuna anayelikumbuka. Nimefunga mabomba miaka mingi, mingine nikiwa mwajiriwa wa ofisi ya maji, mingine nikiwa peke yangu na begi langu la spana. Yote mawili nimeyala, na yote mawili yamenila.

Nayasema haya kwa sababu ya Nakunda, mtoto wa kaka yangu. Nakunda anachora kwa kompyuta: nembo, mabango, kadi za harusi, vifungashio vya tangawizi ya kina mama wa kijiji cha Mamba. Alikuwa amepanga chumba Same mjini, nyuma ya stendi, na wateja wake wengine hajawahi kuwaona kwa macho. Jumatano moja alipanda huku juu kwa bodaboda, akashuka akiwa na vumbi jekundu mpaka kwenye kope. Akaniamkia, na kabla sijamaliza kuitikia marahaba akanipa barua. Kampuni moja ya Moshi ilikuwa imempa kazi. Jibu lilitakiwa Jumatatu.

"Baba anasema nisaini leo leo," akaniambia. "Wenzangu wanasema nikiingia ofisini nitaozea humo. Wewe unasemaje, shangazi? Mimi ni frilansa, nimeshazoea uhuru wangu."

"Frilansa ndiyo nini?"

"Mtu anayefanya kazi zake mwenyewe. Leo kwa huyu, kesho kwa yule. Hana bosi."

"Ahaa. Deiwaka, kibarua wa siku."

Alicheka, lakini hakupenda. Nilijua kwa nini amekuja kwangu. Katika ukoo wetu mzima mimi ndiye niliyeacha kazi ya mshahara kwa miguu yangu, kwa hiyo alikuwa na hakika nitasema anachotaka kusikia. Na kweli nilitaka kukisema, kilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Nikamwambia aende kwanza akanawe, makande yako jikoni.

Sasa, nilivyoacha kazi. Vijana wengi wananiuliza habari hiyo kwa heshima, wanadhani nilikaa nikapima, nikaomba Mungu, nikaona maono. Niliacha kwa hasira. Kijiji kimoja kilikuwa kimekosa maji kwa sababu ya valvu iliyokatika, kitu cha kuingia mfukoni, na valvu zilikuwepo stoo. Ila fomu ya kuitoa ilitaka saini ya mkubwa mmoja aliyekuwa semina. Tukangoja siku tisa. Mimi nakaa kwenye kiti chenye mto, maana nilikuwa nimeshapandishwa cheo na kunyang'anywa spana, huku kina mama wanashuka bondeni na ndoo. Siku ya kumi nikaandika barua ya kuacha kazi kwa mistari miwili, na mmoja ulikuwa salamu.

Msifanye hivyo. Hasira inakutoa mlangoni vizuri sana, lakini haikuambii ukifika nje ushike njia gani. Nililala nikiwa shujaa, nikaamka nikiwa mwanamke mwenye begi la spana na asubuhi ndefu.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Eliamini, fundi mkuu wa ofisi yetu enzi hizo, mtu mfupi mwenye masikio makubwa, na masikio yale ndiyo yaliyokuwa chombo chake cha kwanza. Siku nilipoanza, mwanamke pekee kati ya mafundi, alinipa spana kubwa kuliko zote nibebe kutoka barabarani mpaka kwenye chanzo. Sikulalamika. Tulipofika akaichukua, akaiweka chini, akasema leo hatuihitaji. Nilimchukia siku nzima. Jioni akanionyesha jinsi ya kuzungushia katani kwenye uzi wa bomba, ile mikato ya nchani inayoshika kiungo, taratibu, kwa kufuata upande wa kufungia, ili unapokaza isijikunjue. Siku hizi mna tepu nyeupe, na mabomba ya plastiki yanayokuja yamekunjwa kama nyoka aliyelala. Ni mazuri, mepesi, bodaboda moja inapandisha mkunjo mzima. Lakini ukiizungusha tepu kinyume itavuja vilevile, na teknolojia haitakuonea huruma.

Somo lake kubwa nililipata Mamba. Tulikuwa tumelaza bomba kutoka kwenye chemchemi hadi kwa kikundi cha wakulima wa tangawizi, walitaka maji ya kuoshea. Tukafungua juu, maji yakaingia. Chini, kimya. Nikachimba siku mbili nikitafuta palipoziba. Nilichimbua hata mahali ambapo nilikuwa nimefunga mwenyewe vizuri, kwa wasiwasi tu. Siku ya tatu Mzee Eliamini akapanda, akatembea juu ya mstari wa bomba, kila hatua kadhaa anachomeka fimbo ardhini mpaka iguse bomba, na ncha nyingine anaiweka sikioni. Akafika mahali bomba linapopanda kilima kidogo kabla ya kushuka tena. Akasimama hapo. Akafukua kidogo, akalegeza kiungo kwa spana. Bomba likapumua kwa sauti, muda mrefu, kisha likatema maji usoni mwangu.

"Hapakuziba kitu," akasema. "Maji yalimkuta mtu ndani. Upepo. Na upepo hukaa juu ya kilima. Bomba likinyamaza, usichimbe kila mahali. Uliza lilinyamaza lini, halafu tafuta kilima."

Tangu siku hiyo sijalaza bomba milimani bila kuweka tundu la kutolea upepo kwenye kila mwinuko. Hilo liandikeni.

Miezi ya kwanza ya kujitegemea ilikuwa tamu, nisiwadanganye. Nilikuwa na wateja Suji, Mamba, mpaka chini tambarare kwa wafugaji. Kule chini mzee mmoja wa Kimaasai aliniita nimwekee maji kwenye hori la ng'ombe. Nikamfungia koki ya shaba inayong'aa, pembeni kabisa ya hori, nikajisifu. Baada ya siku mbili akanipigia simu. "Mama, njoo uone. Ng'ombe wameipenda sana koki yako." Walikuwa wamejikuna nayo mpaka ikang'oka, na maji yamefanya ziwa. Nikarudi, nikaifunga upya mbali na hori, nikaizungushia mawe, yeye amekaa kwenye kigoda akinitazama kwa furaha ya mtu aliyepata sinema. Ofisini kosa kama lile lingeingia kwenye faili na faili lingeingia kabatini. Ukiwa peke yako kosa lako lina sura, linakaa kwenye kigoda, na lina namba yako ya simu. Kama huwezi kurudi ulikokosea na kuamkia watu vizuri, baki kwenye ajira, hakuna aibu.

Basi nilikuwa na kazi nyingi hadi nikaanza kujiona. Na hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo nadhani hakuna chuo kinachofundisha kulikwepa.

Wapare wanaijua msaragambo, lakini kwa mgeni niseme: ni kazi ya wote. Barabara ikiharibika, au ndiva ikijaa tope, yaani bwawa letu la kukusanyia maji ya kumwagilia mashamba, jioni pembe inapulizwa, na kesho yake asubuhi kila nyumba inatoa mtu mwenye jembe. Asiyefika anatozwa faini. Kwetu ilikuwa jogoo. Nilipokuwa mwajiriwa sikuwahi kulifikiria jambo hili, ofisi ilikuwa udhuru wangu na kila mtu aliuelewa.

Jioni moja pembe ikalia kwa ajili ya ndiva. Kesho yake nilikuwa na kazi ya mteja mkubwa Same mjini. Nikajiambia kama mnavyojiambia ninyi: mimi sasa muda wangu ndio chakula changu, siwezi kuutumia kuzoa tope. Nikaona nina akili nyingi. Nikamkamata jogoo wangu mwekundu, nikampeleka jioni ileile kwa mzee anayesimamia msaragambo. Nikamwambia, "Mzee, kesho sitafika, nina kazi. Faini yangu hii hapa kabisa."

Alimpokea jogoo kwa mikono miwili. Akashukuru. Akaniuliza habari za mama yangu. Nikarudi nyumbani nimeridhika, maana nilikuwa nimelipa kabla ya kudaiwa. Nani mwingine kijijini alikuwa mwaminifu hivyo?

Baada ya hapo simu ikapoa. Kwanza nikafikiri ni msimu. Halafu nikafikiri ni bei, nikapunguza. Nikafikiri pengine ni begi, nikanunua begi jipya. Watu walinisalimia vizuri kuliko zamani, na hilo lingetosha kunishtua, lakini sikushtuka. Siku moja nikamwona fundi wa kutoka mjini anashuka kwa bodaboda nyumba ya tatu kutoka kwangu, anakuja kubadilisha koki ambayo niliifunga mimi mwenyewe. Nikaingia ndani nikakaa kitandani na viatu. Niliogopa, wanangu. Mama yangu alikuwa bado hai, ananitegemea, na nilishalichoma daraja la ofisi kwa barua ya mistari miwili.

Mzee Eliamini wakati huo alikuwa amestaafu, yuko kwake Suji akifuga nyuki. Nikamfuata. Nikamweleza yote, bei, begi, fundi wa mjini. Alinisikiliza huku akisafisha mzinga, kisha akauliza swali moja tu.

"Lilinyamaza lini?"

"Nini?"

"Bomba lako. Lilinyamaza lini?"

Nikaanza kurudi nyuma. Kazi ya mwisho kijijini ilikuwa kwa mwalimu. Kabla ya hapo, kanisani. Na baada ya kwa mwalimu, ndiva. Nikamwambia, "Lakini nililipa faini, baba. Nililipa kabla."

"Ndiyo. Kabla." Akaweka mzinga chini. "Faini ni ya mtu aliyetaka kuja akashindwa. Anakuja baadaye kichwa chini, tunakula jogoo wake pamoja naye, yanaisha. Wewe hukukosa. Wewe ulituma kuku aje badala yako. Sasa watu wanajiuliza, bomba likipasuka Sabato, huyu atakuja, au atatuma kuku?"

Nililia pale kwenye mizinga, na nyuki mmoja akaniuma shingoni kwa kuongezea.

Msaragambo iliyofuata nilikwenda. Sikubeba spana hata moja. Nilizoa tope tangu alfajiri mpaka jua likawa kichwani, na hakuna aliyenisema wala kunisifu, walinipisha tu kwenye mstari wa ndoo kama vile nilikuwepo siku zote. Mchana tukakaa kwenye nyasi na sufuria la makande. Mama mmoja jirani, ambaye hakuwa ameniita tangu msimu uliopita, akanisogezea bakuli na kusema bila kunitazama, "Mama Bomba, koki yangu ya jikoni inalia usiku kucha." Ni maneno ya kawaida kabisa. Nimeyabeba mpaka leo.

Hayo yote nilimsimulia Nakunda Jumatano ile, yeye anakula makande, mimi nachambua maharage. Na kana kwamba mtu ametupangia, tulipokuwa tunafunika vyombo pembe ikalia mlimani. Ndiva, kesho asubuhi.

"Nina kazi ya mteja kesho," Nakunda akasema. Akaitazama simu. Akanitazama. Nikaendelea na maharage yangu. Akamwandikia mteja kwamba kazi itafika alasiri badala ya asubuhi. Jibu likaja palepale: sawa. Nilimwona alivyoshangaa, kana kwamba hakujua kuwa mteja anaweza kuombwa.

Asubuhi alizoa tope na ndala zangu. Karani wa msaragambo akamuuliza jina, akamwandika kwenye daftari la wanaotakiwa kufika. Tulipokuwa tunaosha miguu kwenye mfereji nikamuuliza swali ambalo Mzee Eliamini alinifundisha kuuliza. Maana yeye alisema kipimo cha kujitegemea hakiko siku yenye kazi. Siku yenye kazi hata mvivu anaamka. Kipimo ni siku ambayo hakuna aliyekuita. Siku hiyo, alisema, tembea bomba: kagua, kaza, safisha, salimia watu, jifunze.

"Jumanne iliyopita ulikuwa na kazi?"

"Hapana. Ilikuwa kavu."

"Ulifanya nini?"

Akasugua kisigino muda mrefu. Angeweza kunidanganya, nisingejua.

"Nililala mpaka saa tano," akasema. "Halafu nikaangalia simu. Halafu nikalala tena. Shangazi, nikiwa na mteja nafanya kazi kama mashine. Nisipokuwa naye sijui hata mimi ni nani. Nakaa kwenye kile chumba nasikia mabasi yanaondoka."

Niliushika mguu wake wenye tope nikaumalizia kuosha, kama alipokuwa mdogo. Nilimpenda sana saa ile. Mimi ilinichukua miaka na jogoo mmoja kusema ukweli mfupi kuliko huo.

Jumapili akasaini ile barua, mezani kwangu, kwa kalamu yangu. Niwaambie ukweli: iliniuma. Nilitaka awe kama mimi, abebe begi, asiwe na bosi, nami niwe na mtu wa kumsimulia habari za upepo na vilima. Aliniuliza kama nimekasirika. Nikamwambia sijakasirika, nina wivu wa fundi, utapita. Nikamwambia pia kuwa ajira si jela, kwamba humo atapata watu wa kukaa nao, na atajifunza kuamka siku kavu kwa kuwaona wengine wakiamka. Akaenda Moshi.

Kuna wengine wamekuja kwangu na barua kama ile, nikawauliza habari za Jumanne, wakanijibu mambo mengine kabisa. Mmoja alisema Jumanne yake kavu aliitumia kupita kwa wateja wa zamani kuuliza kazi zake zinaendeleaje, bila kutaka kitu. Huyo nilimwambia aichane barua. Kwa hiyo msije mkasema Mama Bomba anapinga kujiajiri. Jiulizeni wenyewe, na mjibu kama Nakunda alivyojibu, mkiwa na tope miguuni na hakuna wa kumdanganya.

Miezi ikapita. Mvua za vuli zikaleta tope jingine, pembe ikalia, msaragambo ikawa Alhamisi. Nakunda alikuwa kazini Moshi, na kila mtu alijua. Nilizoa la kwangu kidogo, kwa mgongo huu, wakanikalisha kwenye kivuli nichunge sufuria.

Jumapili nasikia bodaboda inapanda. Nakunda akashuka, safari hii tope mpaka kwenye kope, na kwapani ameshika jogoo aliyemnunua sokoni Same. Hakuja kwangu. Alipita nyumba yangu akapunga mkono, akaenda moja kwa moja kwa mzee wa msaragambo, nami nikajikongoja nyuma yake, maana udaku nao ni kazi.

Akapiga magoti kidogo, akaamkia. "Babu, Alhamisi nilikosa."

Mzee akamtazama. "Wewe si uko ofisini? Mbona tungekusamehe. Hata hatukukuhesabu."

"Jina langu limeandikwa," Nakunda akasema. "Ndiyo maana nimekuja."

Mzee akampokea jogoo, akamwita mkewe aweke maji jikoni, akatuma watu waite majirani. Kisha akamwambia Nakunda akae, na akasema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayezungumzia hali ya hewa, "Siku ukiacha hiyo ofisi ukaamua kujitegemea, anzia hapa kwetu. Kazi utaikuta."

Yule jogoo wangu mwekundu wa miaka ile sijui alichinjwa lini wala nani alimla, sikuitwa. Huyu wa Nakunda tulimla wote siku ileile, na mimi nikapewa paja.